Vidole Kumi vya Dada Mardhiya

Mpendwa Bi Bashira, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini nianze na la heri ili usinichukie mapema: dada yangu Mardhiya yuko nyumbani mzima, mwanawe amefika kilo mbili na nusu, na Alhamisi ijayo ni arobaini yake. Mimi nimemaliza Kidato cha Nne, tunakaa Ng'ambo, sijui kuzungumza mbele za watu ila mkono wangu unajua hina, na siku ya kuamkia Idi nilimpaka dada, akiwa na mimba ya miezi minane, nikamchovya ncha za vidole vyote kumi kwa piko, ile rangi nyeusi tii, na vya miguu pia, kwa sababu yeye alitaka kupendeza na mimi nilitaka watu waulize nani kampaka.

Na kweli wakauliza. Idi pili presha ilimpanda, macho yakaona giza, tukamkimbiza hospitali, wakasema azalishwe upesi kwa operesheni, kwa nusu kaputi. Mlangoni daktari wa usingizi akambana kidole kwa kile kibanio kinachoonesha kama hewa inafika kwenye damu, mashine haikusoma kwa ule weusi wa piko, akajaribu kingine na kingine, akasema, "Vyote kumi! Nani kakufanyia hivi, bibi?" Nilikuwa nimeshika kanga zake, nikaficha mikono yangu ndani yake, na dada aliponitazama akajibu, "Mwanamke wa Mwanakwerekwe." Daktari akahamishia kibanio kwenye ndewe ya sikio, ikasoma, wakaingia. Zilikuwa dakika chache, mimi niliziona mwaka. Dada alilala siku mbili chumba cha wagonjwa mahututi na mtoto chumba cha njiti, na kila nilipokiona kile kibanio sikioni nilijihisi muuaji.

Sasa tatizo ni Bi Zeyana, mama mkwe wa dada, aliyekuwa nasi pale mlangoni akalisikia lile jibu, na huko Mwanakwerekwe yeye anamjua mpakaji mmoja tu, Riyama, ambaye hajawahi kumgusa dada. Kila anayekuja kumtazama mzazi anaambiwa, "Kwa Riyama msende! Hana akili hata ya kuku, kidogo aniulie mkwe wangu!" na mimi niko pale pale nawamiminia chai. Juzi akanishika mkono mbele ya wageni: "Arobaini utampaka wewe, mwanangu. Mkono wako nnauamini." Dada alicheka mpaka akashika mshono. Mimi nilikwenda kulia chooni. Nasikia Riyama siku hizi anakaa peke yake, hapati mtu wa kumpaka. Dada anasema ninyamaze, yameshapita. Nifanye nini, au niache hina kabisa?

Mwenye Haya, Ng'ambo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mungu amkuze mtoto.

Kwanza futa neno muuaji. Presha haikuletwa na hina yako. Nimemuuliza muuguzi wa usingizi ninayemfahamu, akacheka: wiki ya Idi yeye huweka kibanio cha sikio karibu kabisa. Piko ilimchelewesha daktari, na kwa mgonjwa wa namna ile hata dakika ni kitu. Hilo ulikuwa hujui. Sasa unajua.

La Riyama ulilijua tangu siku ya kwanza, na hapo sikuhurumii. Haya ni nzuri, lakini yako inalipwa na mwenzio. Unamimina chai huku jina lake linachafuliwa, halafu unakwenda kulia wewe?

Usisubiri Alhamisi. Kesho mchukue dada yako, maana uongo ni wake na kimya ni chako, muende kwa Bi Zeyana. Huna haja ya hotuba. Sema: "Niliyempaka ni mimi." Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, mwombe awaambie wageni wake ukweli kwa mdomo ule ule. Jioni nenda kwa Riyama, umtake radhi, na umweleze habari ya kibanio, maana huenda anawapaka wajawazito wengi kuliko wewe.

Hina usiache. Ila mjamzito mpake hina ya majani, piko weka mbali, na kila mkono uache kidole kimoja kitupu mpaka kwenye kucha. Akiuliza kwa nini, mwambie bila kuona haya.

Alhamisi mpake dada yako vyote kumi. Siku hiyo hakuna atakayekihitaji kidole chake isipokuwa mtoto, wa kukishika.