Boriti za Nyumba ya Ibra

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Huku Ibra, ng'ambo ya bahari, sote wazima, na tende zimeanza kuiva. Umeniuliza kwa nini vyumba vya nyumba yetu kongwe ni vyembamba kama ushoroba. Na mimi nilinuna hivyo hivyo nilipoletwa biarusi kutoka Unguja, nikataka kurudi. Mama mkwe wangu alijilaza chali mkekani, akanivuta nilale ubavuni mwake.

"Tazama dari. Aliyeijenga nyumba hii alizileta boriti hizo za mikoko kutoka kwenu. Upana wa chumba hauupiti urefu wa boriti."

Nikatazama. Ilikuwa dari ya chumbani kwetu Unguja, upana ule ule. Tukacheka mpaka babu yako akaja kuchungulia.

Ukija, lala chali kwanza, ndipo unambie chumba chembamba.

Bibi yako