Vidonge Vilivyonirudishia Uchungu

Makere, Jumapili, Julai 1975

Asubuhi kulikuwa na baridi, nami nimeisikia kama watu wengine, si zaidi. Mwaka jana nilikuwa navaa sweta la mume wangu hata jua la saa saba, mpaka wanafunzi wakanibatiza Mwalimu Blanketi. Watoto hawana dini.

Jana nilikwenda Muyama kumchukua mwanangu Neema. Nimerudi peke yangu.

Neema ni mtoto wangu wa kwanza na, kwa maneno ya daktari, wa mwisho. Nilipomzaa nilitoka damu mpaka nikapoteza fahamu. Nilipona, lakini maziwa hayakutoka hata tone. Mama mkwe alininywesha uji wa ulezi, majirani wakasema kuna mtu kanifunga. Mtoto alikuwa anakauka tunamwona. Ndipo mume wangu akampeleka Muyama kwa Spesioza, mwanamke aliyekimbia mauaji Burundi na kumzika mtoto wake njiani, matiti yakiwa bado yamejaa.

Siku walipoondoka naye nilikaa mlangoni nikawatazama hadi walipopotea, kisha nikaingia ndani kulala.

Sikulia.

Nikaishi hivyo zaidi ya miaka miwili. Mimi niliyekuwa na mdomo kama pilipili, nikawa naanza sentensi ubaoni na kusahau naipeleka wapi. Hamu ya kula sina, nyusi zimepukutika, hedhi haikurudi tangu uzazi ule. Mume wangu akitaja kumfuata mtoto, namwambia tutakwenda wiki ijayo. Watu wakasema mwalimu ana roho ya jiwe. Hata mimi niliwaamini.

Mwaka huu nikaanguka darasani, wakanikimbiza hospitali Kasulu. Daktari, kijana wa Kichaga, aliniuliza kama nilitoka damu nyingi nilipojifungua. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akanieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama harage, na hiyo ndiyo mnyapara wa tezi nyingine. Inazituma zitoe homoni, na homoni ndizo zinazoufanya mwili uchome chakula upate joto, titi litoe maziwa, akili iamke. Damu ilipopungua, mnyapara wangu alikufa. Vidonge vitafanya kazi yake kila siku ya maisha yangu.

Haukupita muda, joto likarudi. Majina ya wanafunzi yakarudi. Mdomo nao ukarudi, na mume wangu analalamika huku anacheka.

Halafu asubuhi moja nachambua maharage, nikamkumbuka Neema. Nililia kwa sauti hadi majirani wakaja kuuliza nani kafa.

Jana Spesioza alinipokea vizuri. “Mwiriwe, mwalimu,” akanisalimu kwa Kirundi, akanisogezea kigoda. Neema alijificha nyuma ya kanga yake, akachungulia.

“Mama, uyu ni nde?”

Anamuuliza mama yake mimi ni nani.

“Ni mama yako,” Spesioza alimjibu, macho chini. Mtoto akacheka. Alidhani anataniwa. Nilipomshika mkono alipiga ukelele ambao sitausahau. Spesioza akaanza kufunga vigauni vya mtoto kwenye kitambaa. Nikamwambia aache. Huyu amekwisha kuzika mmoja.

Njia nzima nilimchukia, nikamshukuru, nikamchukia tena.

Leo nimekaa na vidonge mkononi. Daktari alinionya kwamba nikiviacha nitarudi kule nilikotoka, au nitakufa. Nikawaza kule nilikotoka. Kule ningemsikia Neema akimwita mwingine mama, nikaenda zangu kulala. Sitaandika uongo hapa: nilitamani. Uani mume wangu alikuwa ananiita, “Mama Neema, chai inapoa.” Jina hilo nimelibeba tangu nilipojifungua, na leo ndiyo mara ya kwanza limenichoma.

Nimevimeza.

Jumamosi nitakwenda tena Muyama. Sitamshika mkono. Nitakaa uani kwa Spesioza nimsaidie kumenya mihogo, na mtoto akiniuliza mimi ni nani, nitamwacha aniite atakavyo.