Triga na Vidole vya Baridi

Jumatatu, 5 Julai 1982
Ukungu. Nimekagua mpaka wa msitu na mashamba kama kila siku. Nyayo mbichi za nyati upande wa jirani yangu Gwandu. Mahindi yamekomaa, nao wanajua. Mchana nimerudisha bunduki ya kijiji stoo ya bwana nyama, afisa wa wanyamapori, Karatu. Siisikitikii. Triga yake ilikwaruza kama jembe kwenye mawe. Mwaka jana ilinivuta pembeni, nikamjeruhi nyati, akamvunja Gwandu mguu. Mlinzi wa mazao ni mimi. Gwandu hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 6 Julai
Bwana nyama ametoa bunduki mbili, nichague moja. Nimezifyatua bila risasi mpaka kidole kikachoka. Triga ya kwanza nzito: haisogei, haisogei, halafu inakatika safi kama kijiti kikavu. Ya pili laini ajabu. Ukiwaza tu, imelia. Nimeipenda mpaka nikaona aibu. Kesho sikukuu ya Sabasaba, stoo itafungwa. Naichukua Alhamisi.

Jumatano, 7 Julai
Nimeamka saa kumi na moja. Vidole ganzi, vifungo vya shati vimenishinda. Paskalina, mke wangu, amenifungia huku nikimsifia ile laini. Amefika kifungo cha mwisho. Kisha: "Baba Eliya, kifungo tu hukisikii. Hiyo triga utaisikia?"
Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu ni kweli. Na hajawahi kushika bunduki maishani mwake.

Alhamisi, 8 Julai
Stoo, nimeomba ndoo ya maji ya kisima. Makarani wamecheka. Nimetumbukiza mkono mpaka ukauma, nikashika ile laini. Imelia kabla sijajua nimeigusa. Mara tatu. Nzito ilinisubiri.
Nimebeba nzito. Bwana nyama hakucheka. Nimemwacha naye ametia mkono wake ndooni.

Jumamosi, 10 Julai
Alfajiri, shambani kwa Gwandu. Nyati mmoja, hatua arobaini. Baridi ya kutoa machozi. Nimelenga bega, nikaanza kubana. Triga ikagoma. Nikabana zaidi. Hapo ukungu ukasogea. Nyuma ya nyati, mstari ule ule, blanketi jekundu. Gwandu na gongo lake, katoka kufukuza mwenyewe.
Nimetoa kidole.
Nyati amekula mistari miwili ya mahindi, ameshiba, amerudi msituni kwa hiari yake. Gwandu amenitania kwamba safari hii nimelala na bunduki mkononi. Hajui. Nimekaa chini kwenye umande. Ingekuwa ile laini, sasa hivi ningekuwa naandika nini?

Jumapili, 11 Julai
Jua limetoka mapema. Tumejiandaa kwenda kanisani. Paskalina amekuja kunifungia vifungo. Vidole vyangu leo vizima kabisa.
Sikumwambia. Nimesimama akafunga vyote.