Neno Alilochapiwa Jessie

Selkirk, Uskoti
29 Januari 1988

Mpendwa Dada Jessie,

Hamjambo huko Kanada? Magoti yako yanasemaje na baridi hiyo? Sisi wazima. Mume wangu Dougal anakohoa, lakini kiko hakiachi, basi huruma sina.

Sasa kaa chini. Rhona ameshinda shindano la hotuba! Mwezi wa tatu anakwenda Edinburgh kusimama mbele ya watoto wa wakubwa. Naam, binti yangu mimi, niliyeishia kwenye mashine ya kufuma!

Alihutubu juu ya neno "wow". Mwalimu wake alimwambia atafute jambo la maana, akakataa. Kanirithi huyo.

Ukumbi ulifurika. Unawajua wanaume wetu wa viti vya nyuma, hawamwachi msemaji amalize. Tam mfuga kondoo akapaza sauti, "We binti, hilo si la sinema za Wamarekani?"

"Mzee Tam, kondoo wako alipozaa watatu, ulisema nini?"

"Nilisema wow!"

"Na sinema uliingia lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijaoa!"

Watu hoi! Ndipo Rhona akaeleza kwamba ni neno letu Waskoti, limo katika maandishi yetu tangu kama miaka mia tano nyuma. Wamarekani wamelivumisha juzijuzi tu. Maana yake, alisema, ni jambo kukujaa kifuani hadi mdomo ufunguke wenyewe.

Kisha akakutaja, Dada. Kwamba Mama Mkubwa Jessie alilitamka darasani theluji ya kwanza ilipoanguka, akachapwa mkanda viganjani kwa kusema Kiskoti shuleni, na hadi leo anaongea Kiingereza kama mtangazaji wa redio.

Jaji mkuu, pale mbele, alikuwa Bi Geddes. Yuleyule aliyekuchapa! Rhona hakujua. Nikasema moyoni, Edinburgh ndiyo imekwenda.

Bi Geddes akainuka na mkongojo wake. Akamtazama mwanangu.

"Wow," akasema. Akaketi, akampa ushindi. Watu walipiga miguu sakafuni hadi vumbi likashuka darini, na mimi nililia hadharani bila aibu.

Msalimie shemeji Angus, na mwanao Catriona umbusu. Mungu awaepushe na barafu ya barabarani.

Theluji ikianguka, Dada, fungua dirisha uliseme kwa sauti, kwa lafudhi ya nyumbani. Aliyekuchapa ameshalisema.

Mdogo wako mwenye kukupenda na kuringa,
Netta