Sijawahi Kusema Mimi ni Rubani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo tena! Sokoni Kasikeu, mama muuza ndengu ameacha kupima akanipigia saluti. Eti Kapteni, ndege utaitua wapi, uwanja wa shule? Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ukinuna wanasema masomo yamekupa kiburi.

Sijawahi kusema mimi ni rubani. Sijawahi! Nilisomea usimamizi wa usafiri wa anga – jinsi viwanja vinavyoendeshwa, mizigo inavyopangwa, sheria za usalama. Nimeeleza nyumbani, nimeeleza kanisani, nimeeleza hata kwa kinyozi wa Baba. Wanaitikia kwa kichwa, halafu wanauliza nitarusha lini.

Tangu nihitimu niko hapa, nachota maji na kulisha kuku. Mdogo wangu Kavata yuko kidato cha nne, mwalimu anataka wafikirie kozi. Ameniuliza jioni kama hiyo digrii ina faida. Nimekosa jibu. Hilo limeniuma kuliko saluti.

Jumatano, 3 Septemba

KAZI! Kampuni ya mizigo ya ndege, Nairobi. Nitapanga mizigo – maua, nyama, dawa – uzito gani ukae wapi ndani ya ndege. Ikipakiwa vibaya ni hatari. Rubani mwenyewe haondoki mpaka hesabu ya uzito iwe sawa! Jumatatu asubuhi niwe pale.

Nimemwambia Baba akifunga mbuzi. Amekaza kamba, halafu: "Kwa hivyo utakuwa hamali."

Hamali! Nimeeleza upya, polepole. Akasema ningoje nipewe ndege, hao wananijaribu tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Siamini. Siamini!

Niliacha simu kwenye chaji nikaenda kisimani. Kampuni ikapiga kuthibitisha. Baba akapokea! Kavata alisikia kila neno. Baba aliwaambia binti yake ni rubani, habebi makasha, wasimsumbue tena. Tena kwa adabu. Akawatakia baraka za Mungu.

Nimempigia dada wa ofisi ya kampuni nikiwa nyuma ya zizi. Ameniuliza kama tuko wawili wenye jina hili. Nimemsihi sana. Nafasi bado ipo, lakini nisipofika Jumatatu, basi.

Nimemwuliza Baba kwa nini. Hakufoka, na ingekuwa afadhali afoke. Amesema kanisa zima lilifunga na kuomba kila nilipokuwa na mtihani. Sasa akawaambie waliombea makasha?

Kwani waliombea mabawa? Mungu amejibu, wao wanamsahihisha!

Jumamosi, 6 Septemba

Kumbe kesho ni ibada yangu ya shukrani. Mimi ndiye wa mwisho kujua!

Mama amerudi kutoka Emali na kifurushi cha fundi. Akina mama wa kanisa wamemlipa anishonee shati jeupe, kila bega mistari minne ya dhahabu. Minne! Hiyo ni ya kapteni mwenyewe, hata rubani msaidizi hana. Walipima gauni langu likiwa limeanikwa. Na shati linanikaa sawasawa – hata hilo limeniudhi. Nimekasirika mpaka nikalia, kwa sababu wamelishonesha kwa upendo kabisa.

Mama ananibembeleza. "Vaa tu, mwanangu. Ni siku moja."

Siku moja ndiyo itakayonifunga! Nikishasimama mbele yao na mabega hayo, Jumatatu nitatokaje hapa kwenda kupanga makasha? Nimemwambia hivyo hivyo. Amelikunja shati, akalirudisha kwenye kifurushi.

Kavata ameuliza tena. Leo nilikuwa na jibu. Digrii hii ni nzuri, na kazi zipo, ila zinachelewa, na nyingi haziko angani. Isome ukijua hivyo. Na uhakikishe nyumbani wanajua pia.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika nikiwa chumba cha kwaya, daftari magotini. Ukuta ni mabati, nasikia kila kitu.

Pasta Mutisya anasema leo tunamwona Kapteni wetu. Vigelegele. Baba amesimama kushuhudia. Anasema binti yake alikataa kazi ndogo ili angoje ile ya Mungu.

ALIKATAA! Mimi!

Nimeomba wembe kwa Kavata, ule wa kuchongea penseli. Nimefumua mstari mmoja. Wa pili. Shati lao nitavaa, lakini jeupe tupu, kisha nichukue kipaza sauti niwaambie kazi yangu ni ipi na ninaanza kesho. Wakinuna wanune. Bega la kwanza limeisha. La pili –

Mama.

Amekuja kunichukua. Ameona nyuzi za dhahabu sakafuni. "Aiya, Mwongeli." Hayo tu. Nilidhani atapiga kelele. Amechukua shati, amechukua wembe, ameketi kwenye benchi akanipa mgongo. Sioni anafanya nini. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Wameanza kupiga makofi ya kuniita. Pasta anarudia: Kapteni! Kapteni aje mbele!

Mama anauliza bila kugeuka: "Gari ya kwanza ya Nairobi kesho, inatoka Emali saa ngapi?"