Shimo la Pirihira

Jumatano, 8 Machi 1911

Tumemzika baba mkwe. Wageni bado wamejaa uani, na wale wa ng'ambo ya mto wanakula utadhani wametoka jela! Viazi vitamu vimekwisha. Samaki wakavu, wamekwisha. Msiba wa Kimaori mwezi wa Machi, na mbegu za karaka hazipo mezani? Wangenisema mpaka mwakani. Nikashuka kijitoni nikatoa kikapu cha mbegu hizo majini. Zilikuwa zimelowa siku tisa, na sumu yake haitoki kabla ya siku kumi na nne. Nilijiambia maji yana kasi mwaka huu, yameshaitoa.

Shangazi Kararaina aliuma moja, akatema. "We Huria! Unataka tuzike kijiji kizima?" Akamwaga kikapu chote mtoni, wageni wanatazama. Aibu ya kufa mtu.

Alhamisi, 9 Machi

Pirihira wangu. Aliamka akilia miguu inamcheza. Saa nne mwili ukakakamaa, mgongo ukapinda, vidole vikajikunja. Ana miaka sita! Aliiba mbegu chache kabla hazijamwagwa.

Shangazi hakubabaika. "Chimbeni!" Mume wangu Paratene na kaka yake wakachimba mbali na jiko, kama mwiko wetu unavyotaka. Shangazi akamnyoosha mikono na miguu, akamkaza kwa mikeka laini, akamtia kijiti chenye kitambaa kati ya meno. Tukamshusha amesimama, udongo ukamfika kidevuni. Mtu wa sumu hii akiachwa huru, viungo vyake hukauka vikiwa vimepinda. Nimekua nikimwona mzee Hakopa, mguu umegeukia nyuma. Yeye walichelewa kumchimbia.

Kichwa cha mwanangu kiko chini, sawa na nyayo za watu. Kichwa, kilicho kitakatifu kwetu! Tumezungushia mikeka, asije mtu akamruka.

Ijumaa, 10 Machi

Degedege mara saba tangu alfajiri. Kinachotikisika ni kichwa tu. Shangazi anasali, anamgusagusa shingo. Anasema asitolewe mpaka ipite siku nzima, usiku na mchana, bila kutikisika hata mara moja.

Mgeni mmoja kaja kunipa pole. Eti watoto wa siku hizi wana mikono myepesi. Nikaitikia — nikaitikia!

Jana sikuandika kweli. Hakuiba. Tulikuwa naye kijitoni, akauliza, "Mama, tayari hizi?" Nikampa nne aonje. Akakunja uso. Nikamwambia kula wee, acha kudeka.

Jumamosi, 11 Machi

Kuna mtu kapeleka maneno mjini. Askari wa Kizungu kaja na farasi wake. Akaisukuma mikeka kwa buti, akamruka mwanangu kichwani kama anaruka gogo. Watu wote wakaguna. Paratene ilibidi ashikwe na wanaume wawili.

Askari akauliza, kwa Kimaori chake cha kuokoteza, nani kaamuru mtoto azikwe hai. Ni ile sheria yao ya kuwakomesha waganga wetu. Mimi ndiye mama. Mimi ndiye niliyempa zile mbegu. Nikainama kuipanga upya mikeka. Shangazi akainuka akipangusa magoti. "Mimi. Na wewe ruka tena hapo uone."

Askari kamchukua. Kesho adhuhuri atarudi na daktari kumfukua mtoto. Shangazi akipandishwa kwenye farasi hakunitazama. Alisema tu, "Siku nzima, Huria. Usihesabu kama ulivyomhesabia mbegu."

Kumbe anajua ni mimi niliyempa. Sijui tangu lini.

Jumapili, 12 Machi

Shingo imelainika. Degedege ya mwisho ilikuwa jana jioni. Asubuhi amefyonza maji kwenye kitambaa, akanifuata kwa macho.

Paratene akasema tumtoe wenyewe, polepole, kuliko waje wamng'oe kama kiazi. Nikakubali upesi. Sitajidanganya tena humu: nilitaka kumpakata tu. Tangu jana jioni mpaka asubuhi si siku nzima, hilo hata mtoto mdogo analijua.

Tukafukua mpaka chini ya kiwiko, nikalegeza mikeka upande wa kulia. Mkono umenyooka! Vidole vyote vitano. Nikavibusu, nikalia kama mwehu. Paratene akacheka — mara ya kwanza tangu msiba.

Halafu mkono ukaruka kiganjani mwangu. Kifundo kikaanza kukunjika taratibu, nikakiona kwa macho yangu. "Ni baridi tu," Paratene akasema. Hakuna baridi leo. Nikaunyoosha, mtoto akapiga yowe, nikaufunga tena huku anapiga yowe. Nikaanza kurudisha udongo kwa mikono, na yeye ananiita, mama, mama, basi.

Safari hii askari akiuliza ni nani, nitasema ni mimi. Nitayasema yote, ya mbegu pia, mbele ya huyo daktari wao.

Naandika nimepiga magoti hapa shimoni. Farasi wanavuka mto, nawasikia. Wawili. Paratene kakimbilia koleo — udongo bado haujafika mabegani.