Tungule za Uzi Mwekundu

Wambaa, Pemba

Dada Mwajuma,

Kaa chini kwanza: mdogo wako nimepandishwa cheo! Siku hizi mimi ni bwana shamba, na mtaalamu akifika husubiri nimfungulie geti. Darasa la tano hilo, Dada! Mguu wa Mama umepoa? Watoto hawajambo?

Ila kazi yenyewe, wallahi, sijaielewa mpaka leo. Bahari inaingia mabondeni, visima vimekuwa chumvi, basi Bi Salma, mtaalamu wetu, anatafuta nyanya ya kustahimili chumvi hiyo. Huku wanaziita tungule. Anatafutaje? Tunazimwagilia maji ya chumvi makusudi! Mche ukifa mimi roho inaniuma, yeye anasema, "Vizuri, huo umeshindwa." Mwisho ukabaki mmoja tu. Ukazaa vitungule vichache vya makunyanzi, akavifunga uzi mwekundu, akaenda Unguja. Nyuma yake vikaiva, mche ukakauka.

Sasa jirani yangu Bi Time, aliyenifanya mwanawe, Ramadhani hii kila magharibi ananiletea sahani ya futari. Sahani ya mtu hairudi tupu, umenifunza mwenyewe. Siku hiyo ndani sina hata ndimu. Nikaona zile za uzi, nikasema hizi ndizo za heshima. Nikampelekea zote.

Bi Salma akarudi. "Hamisi, tungule zangu?"

"Zimefuturisha watu," nikajibu, meno nje.

Akakaa pale pale mchangani. "Mbegu yote ilikuwa mle."

Nikakimbia kwa Bi Time.

"Mbona wahema, mwanangu?"

"Tungule, Bi Time!"

"Nimezipika mchuzi. Mbegu nimewatupia kuku. Kwani weye ulitaka nizitundike ukutani?"

Nikashinda uani kwake nikiwafuata kuku, naangalia chini. Watu wakadhani nataka kuiba.

Na shamba la kwanza kupewa mbegu ile, Dada, lingekuwa la Bi Time. Chumvi imemmalizia lote. Jana kaniuliza, "Mbegu zaja lini?" Nikacheka tu. Nimwambie kazipika mwenyewe? Ninyamaze, alime tena chumvini? Na kosa la nani, mimi niliyetoa au yeye aliyenilisha? Wewe ungefanyaje?

Nisalimie Mama, shemeji fundi baiskeli, na shangazi wa sokoni, mwambie nyanya zake azile kwa adabu.

Na lile la cheo, Dada, ni uongo. Nimefukuzwa kazi.

Mdogo wako,
Hamisi